Makofi kwa Aliyekosea: Miaka Yangu Katika Chumba cha Sayansi

Nkatha, sasa kazi yangu ni yako, na ufunguo wa chumba cha sayansi una tabia yake. Usiusukume mpaka mwisho. Uingize, urudishe nyuma kidogo kama mtu aliyebadilisha nia, ndipo uzungushe. Hayo mengine nitakayoandika hapa ungeyajua mwenyewe polepole, lakini hilo la ufunguo litakuweka nje kwa jua, na gredi ya tano nzima ikikucheka.

Mwalimu Kananu ndiye aliyesema niandike. Nilimwambia, "Mwalimu, mimi shule yangu iliishia darasa la tatu kule Kipsing, mbuzi wakanihitaji zaidi." Akasema, "Mama Ewoi, wewe umekaa gredi ya tano mara nyingi kuliko mtoto yeyote Isiolo. Andika tu vile unaongea." Sasa vile mimi huongea mnajua. Naanza na chumvi namaliza na ngamia. Mkipotea, ngojeni hapo hapo, nitarudi kuwachukua.

Niliajiriwa kufagia na kuchota maji. Siku ya kwanza nilikuwa nafagia veranda, nikasikia watoto wanapiga kelele ndani ya ile stoo ya zamani, ile ambayo sasa ni yako. Nikaingia na fagio juu, nikidhani ni nyoka. Haikuwa nyoka. Watoto walikuwa wamezunguka chupa ya soda, na mdomoni mwa chupa kumevishwa baluni. Ndani kulikuwa na maji vuguvugu, sukari na hamira, ile ile ya mandazi. Katikati amesimama mwalimu mfupi, sketi imejaa chaki. Huyo ndiye Kananu. Alikuwa ameshuka kutoka Meru mwaka huo huo, bado analalamikia joto. Mpaka leo bado analalamika.

Hakuniuliza mimi ni nani. Aliniuliza, "Mama, unadhani hii baluni itafanya nini?"

Nikasema, "Nadhani itapasuka."

Tukangoja. Baluni ikaamka kidogo kidogo, ikasimama, ikakaa hapo imenona kama shavu la mtoto. Haikupasuka. Watoto wote wakageuka wakaniangalia, wakanipigia makofi!

Haki nilikasirika. Siku ya kwanza kazini, nachekwa na watoto wa watu! Nililishika fagio vizuri. Mwalimu Kananu akacheka mpaka akakaa chini, ndipo akanieleza sheria ya chumba. Humu hakuna kusema jibu kabla mkono haujashika. Kwanza unasema "nadhani", kwa sauti, kila mtu asikie. Halafu mnajaribu. Aliyepata, vizuri. Aliyekosea anapigiwa makofi, kwa sababu yeye ndiye ametuonyesha kitu ambacho hatukukijua. Nikauliza, "Na aliyepata hapigiwi?" Akasema, "Huyo ameshafurahi, anataka nini tena?"

Kutoka siku hiyo nilikuwa nafagia kile chumba polepole sana.

Na ile hamira haikuishia hapo. Mwalimu aliwaambia ni kitu hai, kinakula sukari na kupumua, na ile pumzi ndiyo imejaza baluni. Siku hizo Halima alikuwa hajazaliwa, lakini miaka mingi baadaye alipofika gredi ya nne na kusikia somo lile lile, alisimama juu ya benchi akasema, "Kumbe yale matundu ya anjera ni nyumba zao! Mimi kila asubuhi nakula mtaa mzima!" Wiki hiyo nusu ya darasa walikataa anjera, ile mikate laini ya unga uliochachuka, nyumbani, na kina mama wakaja shuleni kuuliza. Halima mkumbuke, atarudi.

Mwalimu Kananu alipogundua kwamba mimi nimekua nikichinja na kupasua mbuzi, sikufagia tena siku za sayansi. Nikawa natumwa bucha. Hapa Nkatha sikiza vizuri. Mapafu, moyo, figo, yote nunua bucha ya Waislamu, hata kama ya jirani ni karibu. Ukileta ya kwingine, nusu ya watoto watakaa pembeni na mikono nyuma, na sayansi ya mikono nyuma hakuna. Omba mapafu yenye koo lake, yasikatwe. Bwana wa bucha atakuuliza kama una paka wengi. Mwambie ndiyo, ni gredi ya sita. Na mwezi wa Ramadhani hakuna somo la kuonja. Ndimu, ukwaju, maziwa lala, vyote vinanuswa tu, na wale wasiofunga nao wananusa, hakuna mtu kulamba kidole akidhani haonekani.

Mapafu yanapulizwa kwa kipande cha mpira wa maji. Mtoto akipuliza yakafura meupe mekundu mbele ya macho yake, hutamwambia tena kupumua ni nini. Lakini mimi nataka kuwaambia habari ya Makena.

Makena alikuwa mtoto wa afisa, namba moja kila mtihani, soksi zimevutwa mpaka magotini hata saa sita mchana. Huyo ndiye alikuwa kesi ngumu kuliko watoto watundu wote niliowahi kuona. Hakuwa anasema "nadhani". Ukifika kwake ananyamaza, anangoja wengine wajaribu, halafu anaandika jibu safi. Aliogopa kukosea kama vile wengine wanaogopa fisi. Mwalimu Kananu hakumlazimisha. Alimpa ndoo ashike.

Siku hiyo tumemaliza kupuliza, mapafu yamejaa, ndoo ina maji. Mwalimu akasema, "Makena, ndoo ni yako. Nikiyaweka humu, yatafanya nini?"

Makena akaangalia ndoo, akaangalia mapafu, akasema kwa sauti ndogo, "Ni nyama. Nadhani yatazama."

Mwalimu akayaachilia. Yakaelea juu kama bata. Makofi yakaanza, na Makena machozi yakaanza. Mimi nikamwendea na kanga yangu, nikafikiri tumeharibu mtoto wa watu. Lakini alikuwa anasukuma yale mapafu chini kwa kidole, yanarudi juu, anasukuma, yanarudi. Akaanza kucheka na machozi bado yako kwa shavu. Kesho yake alifika kabla ya kengele, akaniuliza mlangoni, "Mama Ewoi, leo nitakosea nini?"

Sitawaambia amekuwa nani siku hizi. Kila mtu akisimulia mwanafunzi, lazima awe daktari mwishoni. Huyu alikuwa mtoto aliyecheka, yatosha.

Mambo hayakuwa mazuri yote. Kuna mwaka gredi ya nne walipanda maharagwe kwa makopo, mengine juani, mengine kabatini, mengine bila maji. Mbuzi wa jirani aliingia akala ya juani, ya kabatini na yasiyo na maji, hakubagua. Mimi nilitaka kumkamata nimpeleke bucha, arudi kama mapafu. Mwalimu Kananu akauliza watoto, "Mnadhani kwa nini alianza na yale ya juani?" Wakabishana mpaka kengele. Basi hata mbuzi akawa somo.

Sasa nafika kwa manjano. Hapa ndipo nilikuwa naenda tangu mwanzo, msinione nazunguka.

Manjano ni ile bizari ya kawaida ya mchuzi. Unaikoroga na spiriti kidogo, unapaka karatasi nyeupe, unaanika. Karatasi hiyo ukiigusa na maji ya sabuni, au magadi, au maji ya majivu, inakuwa nyekundu kama damu. Ukiweka ndimu, inarudi njano. Watoto wanaweza kukaa na hiyo kutwa nzima. Tulijaribu kila kitu Isiolo. Maji ya kisima, chai, mate, maziwa ya ngamia. Mimi mwenyewe niliwahi kupika nyumbani Kiwanjani huku nikichovya karatasi kwa sufuria. Mume wangu akaniuliza kama naweka dawa.

Basi wakati huo Halima yuko gredi ya tano, tulisahau karatasi kadhaa dirishani. Tuliporudi baada ya siku chache zilikuwa zimepauka, karibu nyeupe. Halima akasimama. "Nani ameiba manjano yetu?" Kukawa na kesi. Kila mtu anamshuku mwenzake, mikono inanuswa. Kumbe karatasi moja ilikuwa imefunikwa na kifuniko cha soda. Mwalimu Kananu alipokiinua, chini yake kulikuwa na duara la njano, zuri, limebaki vile vile.

Wakaliangalia lile duara. Halafu Halima akaangalia dirisha. Akasema polepole, "Nadhani mwizi ni jua." Huyo alipata, kwa hivyo hakupigiwa makofi. Alinuna siku nzima.

Muhula huo huo ndio walitaka kutuchukulia chumba.

Sitamlaumu mtu. Shule ilianza kuletewa mahindi na maharagwe ya kupikia watoto chakula cha mchana, na magunia yalikuwa yanakaa ofisini kwa mwalimu mkuu, panya wanafanya sherehe humo. Kamati ya wazazi wakaangalia shule nzima, wakaona stoo ya zamani iko pale, ndani kuna chupa za soda na vifuniko. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Guyo, Mborana, mtu mrefu, kanzu nyeupe daima, mwenye ng'ombe kule Sericho na maneno machache. Naye alikuwa babu yake Halima.

Alikuja siku moja akasimama mlangoni. "Salaam aleikum." Tukaitikia. Akatazama watoto wanakoroga, moshi wa jiko, mtu amevaa ungo kichwani. Akaniuliza, "Mama Ewoi, hawa watoto wanasoma ama wanapika?"

"Mzee, wanasoma kwa mikono."

"Mikono ni ya kula. Kusoma ni kwa macho na masikio. Mahindi yanaoza, na nyinyi mmekalia stoo na michezo." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayehesabu mvua. Akatuambia siku ya mkutano wa kamati wataamua, halafu akaenda.

Mwalimu Kananu hakulala wiki hiyo, najua kwa sababu alisahau kulalamikia joto. Bila chumba kile angefundisha mapafu kwa kuchora ubaoni. Nami ningerudi veranda na fagio langu, hilo nalo nililifikiria, kwa nini niwadanganye.

Siku ya mkutano ikafika. Mwalimu mkuu wetu ni Mmeru mwenye heshima nyingi sana, hawezi kuacha mgeni aondoke na njaa. Akaagiza wali na mchuzi wa mbuzi, mchuzi wa njano kabisa. Mzee Guyo alikuja na kanzu mpya, inang'aa hata macho yanauma, kwa sababu baada ya sala ya alasiri alikuwa na nikaha ya mpwa wake msikitini, na yeye ndiye angesimama na bwana harusi.

Wakala. Mimi nilikuwa nawanawisha mikono, birika mkono huu, beseni mkono ule. Mzee Guyo alipoinua mkono anawe, mchuzi ukadondoka kwenye mkono wa kanzu. Doa kubwa, njano, limekaa pale kama limealikwa.

Mwalimu mkuu akaruka. "Pole mzee, pole sana, niachie mimi!" Akanyakua kipande cha sabuni, akalowesha, akasugua ile kanzu kwa nguvu zake zote za heshima.

Doa likawa jekundu, Nkatha. Jekundu kabisa, la kuchinja.

Wajumbe wote wakasimama. Mmoja akasema, "Mwalimu, umemkata mzee!" Mwingine, "Hiyo sabuni ina nini?" Mwalimu mkuu akaangalia mikono yake, nayo ilikuwa imeingia wekundu kwenye kucha, akazidi kusugua. Kadiri alivyosugua ndivyo damu ilivyoenea. Mzee Guyo alikuwa anaangalia mkono wake kama si wake. Halafu akasema, "Naenda nikaha na hii?"

Mimi nilijua ni nini. Lakini kicheko kilikuwa kimenikaba, nikiogopa kufungua mdomo kitoke chenyewe. Nikakimbia chumba cha sayansi. Mwalimu Kananu alikuwa amekaa na gredi ya tano, wamenyamaza kama wako kwa matanga. Nikasema, "Mwalimu mkuu ametengeneza karatasi ya manjano kwa kanzu ya mzee!"

Hawakungoja kuruhusiwa. Walinipita mlangoni wote pamoja, Halima mbele ameshika ndimu.

"Babu, vua kanzu!"

"Wee! Mbele ya watu?"

"Umevaa kikoi ndani, nakujua. Vua."

Basi mzee akavua, akabaki na kikoi na shati la ndani, na mwalimu mkuu akamvisha koti lake la suti. Koti lilikuwa fupi, mikono inaishia karibu na viwiko. Hakuna mjumbe aliyethubutu kutazama.

Watoto wakaosha lile doa kwa maji, wekundu ukaanza kukimbia. Wakakamua ndimu. Likarudi njano. Mzee Guyo akainama karibu. "Limekuwa njano tena! Sasa mmetoka kwa damu, mmerudi kwa mchuzi. Hiyo njano mtafanya nini?"

Halima akaonyesha nje. "Tunaweka juani."

"Juani? Mtoto, jua la Isiolo litaipika iingie ndani zaidi."

Watoto wakapiga kelele kwa pamoja, "Sema nadhani!"

"Niseme nini?"

Mwalimu Kananu akamweleza kwa upole, kwamba hii ndiyo kawaida yetu, mtu husema "nadhani" kwanza halafu tunajaribu. Mzee akanyoosha lile koti fupi, akasema kwa sauti ya mkutano, "Haya. Nadhani haitoki leo wala kesho. Nadhani nimepoteza kanzu. Na nadhani hiki chumba ni cha mchezo."

Halima akasema, "Hayo ni matatu, babu."

Wakatandaza kanzu juu ya benchi uwanjani, mkono wenye doa umeangalia juu. Halima akachomoa kifuniko cha soda mfukoni, akakiweka katikati ya doa. Mzee akauliza, "Hicho cha nini tena?"

"Bila kifuniko hutaamini. Utasema ni sabuni ya mwalimu mkuu."

Mwalimu mkuu akatazama kwingine.

Mkutano ukaendelea pale pale nje, chini ya ukuta, kwa sababu mwenyekiti alikataa kuiacha kanzu yake. Walikuwa wanazungumza panya na magunia, lakini kila baada ya maneno mawili shingo zinageuka kwa benchi. Watoto walikuwa wanalowesha doa kila likikauka, wamejipanga kama askari wa zamu. Mimi nilipika chai. Kitu kingine ningefanya ni kuomba, na hilo nilifanya huku nachemsha. Ile njano ilikuwa inapungua. Kwanza hatukuamini, tukafikiri ni macho yetu kwa sababu ya mwanga. Halafu ikawa kama kivuli. Halafu hata kivuli hakikuonekana.

Mzee Guyo aliinuka kabla ya adhana. Akainama juu ya benchi. Mkono wa kanzu ulikuwa mweupe. Akakiinua kile kifuniko kwa vidole viwili, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba ya wenyewe. Chini yake kulikuwa na duara dogo la njano, limekamilika.

Akalitazama. Akakirudisha kifuniko, akakiinua tena.

"Basi nimekosea," akasema.

Watoto wakampigia makofi. Makofi yale yote, mpaka vumbi likaruka. Wajumbe walishtuka, hakuna mtu amewahi kumpigia Mzee Guyo makofi kwa kukosea, na nadhani hakuna mtu amewahi kumwambia kwamba amekosea. Nikamwona anakaza uso. Nikasema moyoni, tumekwisha. Halafu bega likaanza kutikisika, lile koti fupi likapanda juu, mzee akacheka mpaka akashika ukuta.

Mwalimu Kananu akamwambia, "Mzee, tuiache juani kidogo tu, hata hilo duara litatoka."

"Liache!" Akaishika kanzu kama tunataka kumnyang'anya. "Hili naenda nalo."

Akaenda nikaha na duara la njano kwenye mkono wa kanzu. Waliokuwa huko walitusimulia. Kila mtu aliyempa mkono alionyeshwa lile duara, na kuulizwa, "Unadhani hili limekuwaje?" Bwana harusi aliulizwa kabla hajaulizwa habari ya mahari. Wote walikosea, na mzee akawapigia makofi mmoja mmoja.

Wiki iliyofuata kamati ikakutana tena, na Mzee Guyo hakukaa hata chini. Alisema, "Mahindi hayajui kukosea. Hao watoto wanajua. Magunia yabaki ofisini, tutafute paka." Wakamaliza. Ndiyo maana mpaka leo ukienda kumsalimia mwalimu mkuu unaongea naye kupitia katikati ya magunia, na paka mkubwa amelala juu ya faili. Mapafu yanayobaki ni yake, usisahau. Bwana wa bucha alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Siku ya kuniaga walinipa kiti cha mbele. Mzee Guyo alikuja, sasa anatembea na fimbo, akaombwa maneno ya mwisho. Akasema, "Nadhani Mama Ewoi atarudi humu kabla mwezi haujaisha."

Mimi nikasimama nikamjibu, "Mzee, miguu imechoka. Nadhani nitakaa Kiwanjani, nilee wajukuu, nisione hata kifuniko cha soda."

Basi Nkatha, hii naiandikia kwenye benchi la nyuma, karibu na dirisha la zile karatasi. Nilikuja tu kukuonyesha ule ufunguo. Gredi ya tano wamemaliza kunipigia makofi sasa hivi, na mmoja ameniwekea ndoo mbele yangu, anangoja niseme.